Boti ya Kigoma, maegesho ng'ambo: maswali ya usajili na kodi yanayoulizwa mara kwa mara

Ziwa Tanganyika lina wenyewe wanne: Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Watu wa Kigoma wameoleana na pande zote hizo, na boti zao nazo zimefuata mkondo huo huo. Moja inalala Kibirizi wiki hii, mwezi ujao iko Rumonge, Burundi, kwa wakwe. Majibu haya ni kwa mwenye boti binafsi, ya familia au ya matembezi. Meli za mizigo na za abiria zina mambo yake, na wenye nazo wana mawakala wao.

Boti yangu ina usajili wa Tanzania na karatasi zote. Mbona Bujumbura wananiuliza habari za ushuru?

Kwa sababu wanauliza jambo jingine kabisa. Usajili unasema chombo ni cha nani na kinabeba bendera ya nchi gani. Forodha haina haja na hilo. Ofisa wa forodha anataka kujua kama hicho chombo, hapo kilipofungwa, kimelipiwa, kimesamehewa au kimeruhusiwa kukaa kwa muda. Unaweza kuwa na cheti cha usajili kisicho na doa na bado boti yako ikahesabiwa kuwa bidhaa iliyoingia nchini bila kutangazwa.

Kinyume chake pia hutokea. Mtu amelipa ushuru wote, risiti anazo, akadhani amemaliza. Siku akisimamishwa na wakaguzi wa usalama wa vyombo, risiti ya ushuru haimsaidii hata kidogo. Karibu kila kesi ngumu inayozungumzwa pale bandarini chanzo chake ni mtu aliyechanganya mambo haya mawili, au aliyeshauriwa na mwenzake aliyeyachanganya.

Hapa nyumbani nani anasajili?

Kwa Tanzania Bara ni TASAC, shirika lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2017 na kuchukua kazi za majini zilizokuwa chini ya SUMATRA, mamlaka ya zamani ya usafiri. Wazee wengi wa Ujiji bado wanasema "nakwenda SUMATRA", nao hueleweka. TASAC ndiyo inayokagua chombo na kutoa cheti kwamba kinafaa kutembea majini. Zanzibar wana mamlaka yao, ZMA.

Boti ya kuvulia ina mlango wa pili: inaandikishwa na kupewa leseni kwa utaratibu wa uvuvi, na hapo utakutana na ofisa uvuvi wa halmashauri. Leseni ya uvuvi haigeuzi boti kuwa ya kubeba abiria, wala cheti cha matembezi hakikupi ruhusa ya kutupa nyavu. Kama unafanya yote mawili, sema mapema.

Kwa kuwa naishi kote kuwili, naweza kuisajili Tanzania na Burundi?

Hapana. Chombo kina bendera moja. Ukitaka kuhamia usajili wa nchi nyingine, kwanza unaufuta ule wa zamani na kupewa hati kwamba umefutwa, na mpya hauanzi bila hati hiyo. Mwenye karatasi za nchi mbili anayeonyesha hii huku na ile kule hajajilinda na chochote. Amejitengenezea ushahidi wa kumshitaki.

Mambo ya bendera huchukuliwa kwa uzito kuliko watu wanavyofikiri. Mwaka 2012 ilibainika kwamba meli za mafuta za Iran zilikuwa zikipeperusha bendera ya Tanzania kupitia usajili wa Zanzibar, likawa suala la kimataifa na serikali ikalazimika kuzifuta. Boti yako ya mbao haitafika magazetini, lakini kanuni ni hiyo hiyo.

Naweza kuiacha Burundi muda gani bila kulipa ushuru?

Hapa inafaa tukae kidogo, maana ndipo penye pesa.

Burundi na Tanzania zote zinatumia Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Sheria hiyo ina utaratibu wa uingizaji wa muda: bidhaa inaingia bila kulipiwa ushuru kwa sharti kwamba itatoka tena, ikiwa ile ile, ndani ya muda uliopangwa. Muda huo hauzidi miezi 12 tangu siku ya kuingia. Neno la kushika ni "hauzidi". Ofisa anaweza kukupa miezi 3, na miezi 3 ikiandikwa ndiyo hiyo. Kinachosomwa ni tarehe iliyo kwenye kibali chako, siyo ile uliyoisikia kwa jirani.

Ruhusa haiji yenyewe. Lazima uiombe unapoingia, boti iandikwe, na mara nyingi uweke dhamana: ama fedha taslimu ama dhamana ya benki au bima kupitia wakala wa forodha. Boti ikitoka kwa wakati, dhamana inafunguliwa. Isipotoka, wanaishika.

Watu huanguka kwa mambo ya kawaida kabisa. Mmoja anampa shemeji boti aendeshee biashara ya kuvusha watu, na kibali kilisema ni ya matumizi binafsi. Mwingine anauza mashine, anafunga nyingine, boti inatoka ikiwa na namba isiyo kwenye kibali. Mwingine anaipeleka Kigoma siku mbili kila mwaka akiamini saa imeanza upya. Ukifanya hivyo pasipo kuripoti kutoka na kuingia, karatasi zinaonyesha boti haijatoka. Na ukiripoti kila mara, ofisa mwenye macho ataona kwamba makazi ya boti hii ni Burundi, atakuuliza kwa nini usiilipie tu.

Ushauri wangu: kama boti itakaa Burundi zaidi ya mwaka, ilipie huko au iuze. Gharama ya kuhangaika na vibali kila msimu, pamoja na wakala na dhamana iliyolala, humaliza faida yote.

Kongo nayo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Si mambo yatakuwa yale yale?

Kongo ilitia saini mkataba wa kujiunga Aprili 2022 na kuwa mwanachama kamili Julai 2022. Lakini kuwa mwanachama na kuendesha forodha kwa utaratibu wa pamoja ni vitu viwili. Usifike Kalemie ukidhani utatozwa kwa kitabu cha Kigoma. Forodha yao inaitwa DGDA, kodi yao ya ongezeko la thamani (VAT) ni asilimia 16, na kwenye ziwa utakutana pia na ofisa wa vyombo vya majini na watu wa uhamiaji, kila mmoja na ada yake. Dai risiti kwa kila ada, hata kama ni ndogo.

Jambo la lugha lisikudanganye. Kalemie, Uvira na Moba mtaongea Kiswahili vizuri sana, mtacheka na kuulizana habari za nyumbani. Karatasi ni Kifaransa. Hati yako ya usajili ya Kiingereza itafsiriwe mapema, ikiwa na muhuri, kuliko kutegemea tafsiri ya mdomo ya mtu aliyesimama karibu. Kigoma pana ubalozi mdogo wa Kongo na wa Burundi. Anzia hapo.

Na Zambia?

Zambia haimo Afrika Mashariki. Imo SADC, jumuiya ya kusini mwa Afrika, pamoja nasi, na imo COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, ambalo Tanzania ilijitoa mwaka 2000. Kwa hiyo sheria ya 2004 haina nguvu Mpulungu. Mamlaka ya mapato ya huko inaitwa ZRA na VAT ni asilimia 16. Ruhusa ya kukaa kwa muda ipo, ila unaiomba kwa sheria yao na masharti yao. Ukishuka kusini, Kasanga ndiyo bandari ya mwisho ya kwetu. Maliza taratibu za kutoka kabla ya kuipita.

Nifanye nini kabla ya kuondoka Kigoma?

Tangaza kwamba boti inatoka na itarudi. Wengi huona huu ni usumbufu, kwani nani anaulizwa akitoka? Swali huja wakati wa kurudi. Boti inaingia Kigoma na mashine ya nguvu farasi 40 inayong'aa, na TRA, mamlaka yetu ya mapato, wana haki kuuliza: hii ilinunuliwa wapi? Kama huna hati ya kutoka inayoitaja, mzigo wa kuthibitisha ni wako. Bidhaa iliyotoka nchini na kurudi ile ile, bila kubadili mwenye mali, haistahili kulipiwa upya, mradi uonyeshe kwamba ilitoka.

Kwa hiyo namba ya mashine ndiyo roho ya jambo. Angalia kwenye kibano kinachoishika mashine kwenye tezi: pana kibamba kidogo chenye aina ya mashine na namba yake. Kwenye mashine zilizofanya kazi muda mrefu kibamba hicho huwa kimefunikwa na rangi ya boti au kimekwaruzwa na kamba. Kisafishe kwa kitambaa chenye petroli, piga picha inayosomeka, kisha hakikisha namba iliyoandikwa kwenye hati ya kutoka ni hiyo hiyo, herufi kwa herufi. Tofauti ya sifuri na O imeshachelewesha watu kutwa nzima. Kama kibamba kimeng'oka kabisa, mweleze ofisa kabla hujaondoka, siyo baada ya kurudi.

Beba pia hati ya mauziano, cheti cha usajili, cheti cha ukaguzi, na kama boti si ya jina lako, barua ya mwenye boti iliyothibitishwa na mwanasheria. Redio ya mawasiliano ikiwemo, ina leseni yake ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Na soma bima yako inataja mipaka ipi. Bima nyingi za vyombo vidogo huishia kwenye maji ya Tanzania, na mwenye boti hulijua hilo siku ya ajali.

Nimenunua boti ya kutembelea ng'ambo, naileta Kigoma. Nitalipa nini?

Ushuru wa forodha kwanza, kisha VAT ya asilimia 18 juu ya thamani iliyokwishaongezwa ushuru, pamoja na ushuru wa bidhaa kama chombo chako kinaangukia huko, na tozo nyingine za forodha. Ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki una madaraja ya asilimia 0, 10, 25, na tangu Julai 2022 daraja la 35.

Fungu, yaani namba ya kundi la bidhaa kwenye kitabu cha ushuru, linaamuliwa na chombo chenyewe na kazi yake. Vyombo vya abiria na mizigo viko fungu la 8901, vya uvuvi 8902, vya starehe na michezo pamoja na mitumbwi ya kasia viko 8903. Tuseme boti imefika bandarini kwa gharama ya shilingi milioni 10, yaani bei, bima na usafiri, na fungu lake ni la asilimia 25. Ushuru ni milioni 2.5. VAT inapigwa juu ya milioni 12.5, ni milioni 2.25. Tayari ni milioni 4.75 kabla ya tozo nyingine na kabla ya wakala. Anayekwambia "ni VAT tu, kumi na nane" hajui hesabu.

Kikokotoo cha magari cha TRA usikitumie, hakikutengenezwa kwa boti. Thamani inaanzia kwenye bei uliyolipa kweli, nao wanaweza kuikataa bei isiyoingia akilini. Hati ya mauziano inayosema boti ya nyuzi za kioo (faiba) ya mita 7 iliuzwa kwa laki mbili haitakuokoa, itakutia kwenye uchunguzi.

Boti imeundwa Ujiji na mafundi wa hapa, mbao za hapa. Mnunuzi wa Rumonge atalipa ushuru?

Bidhaa yenye asili ya Afrika Mashariki huvuka kwenda nchi mwanachama bila ushuru wa forodha, ila lazima asili ithibitishwe kwa cheti. Mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani una cheti kilichorahisishwa, kinachotolewa mpakani. VAT ya Burundi, asilimia 18, ni habari nyingine, asili ya bidhaa haiiondoi. Na tenganisha boti na mashine: mbao ni za Kigoma, mashine imetoka Japani. Cheti cha asili cha boti hakiifuniki mashine.

Mashine niliinunua kwa msamaha wa wavuvi. Naweza kuifunga kwenye boti yangu ya matembezi?

Zana za uvuvi zimo kwenye orodha ya msamaha ya Sheria ya VAT ya 2014 kwa sababu ni za kuvulia. Ukizipeleka kwenye starehe, tena ng'ambo, unaanza kuuliza maswali ambayo hutapenda majibu yake. Nunua mashine ya kawaida, lala usingizi.

Kuna kodi ya kila mwaka ya kumiliki boti?

Hakuna kodi ya mali ya boti kama ilivyo kodi ya majengo inayokatwa kwenye LUKU. Kuna ada: za ukaguzi, leseni, maegesho.

Nikiikodisha huko ng'ambo, hela napata huko huko. TRA inanihusu?

Inakuhusu. Mkazi wa Tanzania kwa sheria ya kodi ya mapato ya 2004 anatozwa kwa mapato yake ya popote duniani, na siku 183 ndani ya mwaka mmoja zinatosha kukufanya mkazi hata kama kwenu si hapa. Nchi ambayo boti inafanyia kazi nayo itataka chake. Kodi uliyolipa huko inaweza kupunguzwa kwenye ya huku ukiwa na uthibitisho. Kwa Zambia pana mkataba wa zamani wa kuzuia kodi mara mbili. Kwa Burundi na Kongo unategemea sheria yetu ya ndani peke yake. Na kumbuka kibali cha muda: siku ya kwanza ya kukodisha ndiyo siku kibali cha matumizi binafsi kimekufa.

Mzungu jirani yangu Bangwe ana boti yenye usajili mdogo wa Uingereza. Anaruhusiwa?

Usajili ule wa vyombo vidogo vya Uingereza ni wa watu wanaoishi Uingereza, chombo kisizidi mita 24. Akiwa mgeni wa likizo na kibali cha muda, sawa. Akiwa ameshahamia Kigoma na anafanya kazi hapa, usajili wenyewe unaanza kuyumba kwao na kibali kinayumba kwetu.

Abiria wangu alificha vitenge kwenye boti. Mimi sikujua. Boti yangu iko salama?

Haiko salama. Sheria ya forodha inasema chombo cha chini ya tani 250 kilichotumika kubeba bidhaa zinazostahili kutaifishwa, nacho kinastahili kutaifishwa. Sioni boti binafsi ziwani hapa inayofika tani 250, kwa hiyo chukulia kwamba inakuhusu. Kutokujua unaweza kukueleza, ila utaeleza ukiwa umeshanyang'anywa boti na inapigwa na jua kwenye yadi.

Kabla ya kuondoka ng'ambo fungua kila mfuko, mbele ya mwenyewe. Anayekasirika abaki. Vitenge, vipodozi, vinywaji na madumu ya petroli ndivyo vinavyotafutwa. Mafuta yaliyo ndani ya tangi ni ya safari, madumu kumi yaliyopangwa omo ni mzigo.

Naweza kutia nanga kijijini kwanza, halafu niripoti nikifika mjini?

Hapana. Chombo kinachotoka nje kinaingia kwanza kwenye bandari iliyotangazwa kwa forodha, na nahodha anaripoti ndani ya saa 24. Hata kikiwa kitupu. Kuna udhuru wa dhoruba au ajali: upepo wa kusi ukikusukuma ufukweni usipokusudia, ripoti kwa ofisa wa forodha aliye karibu, na kama hayupo, kwa kiongozi wa serikali wa hapo. Mtendaji wa kijiji akuandikie na kugonga muhuri siku hiyo hiyo. Usishushe kitu.

Ziwa likifungwa, boti binafsi inazuiwa?

Ufungaji, kama ule wa Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, ni wa uvuvi. Kutembea hakujazuiwa, lakini doria huwa nyingi. Ukisafiri na nyavu ndani ya boti wakati huo, hata ukisema unampelekea ndugu, utalala kituoni.

Nimeishi Lusaka miaka mingi, narudi nyumbani kwa moja. Boti yangu itaingia bure kama vyombo vya ndani?

Sheria inamsamehe mkazi anayerejea vitu vyake vya nyumbani na gari moja alilolimiliki na kulitumia angalau miezi 12. Imetaja gari. Boti haikutajwa, na sijaona ofisa aliyekubali kuiweka kundi moja na masufuria.

Dada yangu yuko Ujerumani, amenunua boti Ugiriki. Anasema ana miezi 18 bila VAT.

Miezi 18 ni ya mtu anayeishi nje ya Umoja wa Ulaya, na boti yenye usajili wa nje ya Umoja. Dada anaishi Ujerumani, kwa hiyo haimhusu. VAT ya Ugiriki ni asilimia 24. Kama boti iliwahi kulipiwa ndani ya Umoja, atafute risiti ile ya zamani kutoka kwa aliyemuuzia, maana bila hiyo anaweza kudaiwa upya.

Baba amefariki, boti yake iko Nyanza-Lac kwa kibali cha muda. Tufanyeje?

Kibali hakisimami kwa sababu ya msiba. Tarehe inaendelea kuhesabika. Familia imwandikie ofisa wa forodha wa Burundi mapema, ikiambatisha cheti cha kifo, kuomba boti itoke au muda uongezwe, huku shauri la mirathi likiendelea mahakamani hapa Kigoma. Barua ya usimamizi wa mirathi ya mahakama yetu haina nguvu yenyewe huko. Wakili wa Burundi ataisimamia itambuliwe. Boti ikisharudi Kigoma, msimamizi wa mirathi ndiye anayekwenda TASAC kubadili jina, na mpaka jina libadilike mtu asiiuze, hata kwa ndugu wa tumbo moja.

Na mtumbwi wa kasia wa watoto, nao?

Ukivuka nao mpaka, ripoti. Ofisa ataangalia, ataandika mstari mmoja, atawaambia mvae jaketi okozi.